Pombe ipewe injini yake

Mjadala wa kuendesha injini kwa pombe haukosi watu watatu. Mmoja atasema gari lake lilikula mafuta kupita kiasi. Wa pili atasema mipira ya mafuta ililainika ikaanza kuvuja. Wa tatu atasema asubuhi ya baridi lilikataa kabisa kuwaka. Wote wanasema kweli. Ninachokikataa ni hukumu wanayoitoa baada ya hapo, kwamba ethanoli, pombe ile ile ya kunywa, ni mafuta dhaifu. Walichokijaribu ni ethanoli ndani ya injini iliyosanifiwa kwa ajili ya petroli, kuanzia kimo cha pistoni hadi gasketi ya mwisho.

Tuanze na ulaji. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, ya ethanoli ina 21, ya methanoli, aina nyingine ya pombe, 16. Hesabu hiyo haina ubishi, na wanaoipindapinda wanaiharibia pombe jina. Sababu yake ni kwamba pombe imeshabeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo sehemu ya uzito wake haiungui. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, wakati ethanoli hutosheka na 9 tu. Ukimwaga ethanoli tupu kwenye tangi na kuiacha kabureta na jeti yake (kitundu kinachopima mafuta) ile ile ya petroli, injini inapata mafuta kiduchu kuliko inavyohitaji. Itakohoa, itapata moto, itakosa nguvu. Jeti ikipanuliwa, inaanza kuvuta.

Na ikishaanza kuvuta, sogea karibu uiguse. Injini ndogo ikizunguka kwa pombe muda kidogo, bomba linalopeleka mchanganyiko silindani huwa la baridi. Siku yenye unyevu utaona matone ya maji yamejipanga juu ya chuma, na kwa methanoli hata utando mweupe wa barafu unaweza kushika, ilhali upande wa pili ekzosi inaunguza. Sijui kitu kinachoeleza pombe vizuri kuliko bomba hilo. Ikigeuka mvuke, ethanoli hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo. Hewa ikipoa hujibana, na silinda inameza nyingi zaidi. Tena mchanganyiko uliopoa hautaki kujiwakia wenyewe kabla moto wa cheche haujaufikia, jambo linaloifanya injini igonge. Injini haigongi kirahisi, hata pistoni iukandamize sana.

Hapo ndipo penye utajiri wenyewe. Kadiri mchanganyiko unavyogandamizwa kabla ya kuwashwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kazi badala ya kutokea kwenye ekzosi. Petroli haivumilii sana, pombe inavumilia. Mwaka 2002 watafiti wa EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, walichukua injini ya dizeli ya Volkswagen ya lita 1.9, wakaifungia plagi za cheche, wakaiendesha kwa methanoli tupu kwenye mgandamizo wa 19.5 kwa 1, yaani mchanganyiko ukibanwa hadi sehemu moja ya 19.5 ya ujazo wake. Ufanisi wake ulivuka asilimia 40, kiwango ambacho injini za petroli za magari ya wakati ule hazikukifikia. Scania ya Sweden ilikwenda mbali zaidi na mabasi yake ya ethanoli: mgandamizo wa 28 kwa 1, bila plagi, ethanoli ikiwa imetiwa kiasi kidogo cha kemikali ya kuisaidia kuwaka. Mabasi hayo yalibeba abiria wa Stockholm miaka mingi. Ufanisi huo haufuti pengo lote la nishati kwa lita. Unalipunguza sana, na mwenye injini ya petroli iliyobadilishwa jeti tu hatauona kamwe.

Kwa nini basi ulimwengu haukuzijenga injini hizi tangu mwanzo? Nafasi ilikuwepo. Samuel Morey alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya injini yake Marekani mwaka 1826, ikiendeshwa kwa mchanganyiko wa pombe na tapentaini, petroli ya magari bado haijajulikana. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kodi ya pombe ilipandishwa kiasi cha kuua soko la pombe ya taa, mafuta ya taa yakashika nafasi, na kodi hiyo haikuondolewa kwenye pombe ya viwandani hadi 1906.

Linaloniuma zaidi ni la madini ya risasi (lead). Mwaka 1921 mhandisi Thomas Midgley, akifanya kazi kwenye maabara ya General Motors, aligundua kwamba kemikali ya risasi inazuia injini kugonga. Midgley huyo huyo alikuwa anajua kwamba pombe ikichanganywa na petroli inafanya kazi hiyo hiyo. Risasi ilitosha kwa kipimo kidogo sana, na ilikuwa na hataza ya kulinda faida. Pombe mtu yeyote mwenye pipa na hamira angeweza kuitengeneza. Mwaka 1924 wafanyakazi walikufa kwa sumu ya risasi kwenye kiwanda huko New Jersey, na biashara ikaendelea. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Karibu miaka mia ya watoto kuvuta sumu inayodumaza akili, na dawa ya kugonga ilikuwepo mezani tangu siku ya kwanza.

Brazil ndiyo iliyothubutu. Mpango wa serikali wa ethanoli, Proálcool, ulianza 1975, na mwaka 1979 Fiat 147 ikatoka kiwandani ikiwa imetengenezwa kwa ethanoli pekee. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya pombe. Kisha petroli ikashuka bei, wenye miwa wakaona sukari inalipa zaidi, na kuelekea 1990 pampu zikakauka. Wenye magari walisalitiwa, na sishangai kwamba imani iliisha. Magari ya kutumia mafuta yote mawili, yaliyoanza 2003, yalirudisha imani hiyo kwa kumpa dereva hiari kila anapojaza. Ila injini inayolazimika kuivumilia petroli haiwezi kugandamiza kama pombe inavyotaka. Ndiyo maana Wabrazil wamezoea kununua ethanoli pale tu bei yake inaposhuka chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli.

Hata suala la maji linabadilika ukiipa pombe injini yake. Kwenye petroli iliyochanganywa na ethanoli, maji yakizidi, pombe hujitenga na kutuama chini ya tangi, na injini inazima. Kwa hiyo lazima ethanoli ya kuchanganya ikaushwe kabisa, na kukeneka (kuchemsha na kunasa mvuke) peke yake hakufiki huko: husimama kwenye asilimia 95 na ushee, maji ya mwisho yakadai mtambo mwingine na nishati nyingine. Injini ya pombe tupu haihitaji ukavu huo. Ethanoli ya pampu za Brazil ina maji na magari yanakwenda.

Siitetei pombe yoyote ile. Marekani hutumia zaidi ya theluthi ya mahindi yake kutengenezea ethanoli, na kwa hesabu za watafiti kadhaa nishati inayopatikana haizidi kwa mbali ile iliyotumika shambani na kiwandani. Hilo siliungi mkono. Miwa ni habari nyingine, kwa sababu makapi yake ndiyo yanayochemsha mtambo, na molasi ni masalia ya sukari iliyokwisha kuzalishwa. Methanoli nayo ni sumu kali, kiasi kidogo tu hupofusha, na moto wake mchana hauonekani. Ibaki mikononi mwa waliofunzwa, kwenye meli kwa mfano, ambako Maersk walianza kuitumia kwenye meli ya makontena mwaka 2023.

Ethanoli ningependa ianze na injini zisizotembea: jenereta na pampu za maji. Injini hizi huzunguka kwa mwendo mmoja, tangi kubwa si mzigo kwake, na ugumu wa kuwaka kwenye baridi unamalizwa kwa petroli kidogo ya kuanzia au plagi ya kupasha. Ziuzwe zikiwa na mgandamizo wa 13 kwa 1 au zaidi, jeti ya pombe, mipira na gasketi zinazoihimili, na tangi lisiloliwa na kutu. Vipuri hivyo vyote vipo. Kinachokosekana ni mtengenezaji atakayevifunga kwenye injini moja na kuiuza na waranti.