Tuzungumze Kuhusu Utafiti wa Sepsisi Kabla Mgonjwa Hajazidiwa

Shangazi yangu alilazwa usiku wa Jumatano akiwa na kidonda cha mguu ambacho, kwa sababu ya kisukari, kilikuwa kimekataa kupona kwa miezi mitatu. Mchana wa siku ile alikuwa amezungumza nasi kama kawaida yake. Ilipofika jioni maneno yake yalianza kupotea, akawa anahema kwa kasi, na mikono yake ikawa baridi ilhali kifua kinawaka moto. Daktari wa zamu alituambia kwamba maambukizi yamekwisha kuingia kwenye damu na kwamba figo zake zimeanza kulegea. Haukupita muda, kijana mmoja mwenye faili alitufuata kwenye benchi la nje, akajitambulisha kuwa mtafiti msaidizi, akaomba ridhaa yetu ili mgonjwa aingizwe katika utafiti. Fomu ilikuwa na kurasa kadhaa. Baba yetu mdogo, aliyekuwa msemaji wa familia usiku ule, aliirudisha bila kuisoma na kusema kwamba dada yake si panya wa maabara. Hakuna aliyempinga, hata mimi. Shangazi alifariki Ijumaa.

Sidai kwamba utafiti ule ungemwokoa, kwa kuwa hadi leo sijui ulihusu nini, na hilo ndilo linaloniuma. Tulikataa jambo tusilolijua, tukiwa tumechoka na tumejaa hofu, na kijana aliyetuuliza naye hakupewa mahali wala muda wa kutueleza. Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu ugonjwa huu na tafiti zake, nami nimefikia msimamo mmoja: uamuzi wa kushiriki utafiti wa sepsisi unapaswa kuanza kuzungumzwa nyumbani, kanisani, msikitini na kliniki, watu wakiwa wazima, kwa sababu ugonjwa wenyewe hautoi nafasi ya kuzungumza.

Wengi wetu tunaiita sepsisi sumu ya damu, na jina hilo linaeleza nusu tu ya habari. Maambukizi huanzia mahali popote, iwe kwenye mapafu, njia ya mkojo, kidonda au kizazi baada ya kujifungua, kisha kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu pale vilipo, huvuruga mpangilio wake na kuanza kuuumiza mwili inaoulinda. Mishipa midogo ya damu huvuja, presha hushuka, mkojo hupungua, akili huchanganyikiwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka 2017 peke yake watu wapatao milioni 48.9 duniani waliugua sepsisi na milioni 11 wakafariki, yaani takriban kifo kimoja katika kila vifo vitano. Wagonjwa walio wengi sana walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya miongozo ya tiba imejengwa juu ya tafiti zilizofanywa Ulaya na Marekani, katika hospitali zenye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha kila kitanda.

Hapo ndipo hoja ya kujitolea inapopata uzito. Mwaka 2001 madaktari wa hospitali moja ya Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 263 wa sepsisi kali. Waliotibiwa kwa mpango wa haraka wa kuongezewa maji, dawa za kupandisha presha na damu, kwa kufuata vipimo maalumu, walifariki asilimia 30.5, wakati waliotibiwa kwa njia ya kawaida walifariki asilimia 46.5. Mpango ule ulienea dunia nzima. Miaka kadhaa baadaye, kati ya 2012 na 2013, watafiti mjini Lusaka, Zambia, waliandikisha watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakajaribu mpango wenye mwelekeo huohuo uliorekebishwa kulingana na vifaa vya hospitali yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa kinyume kabisa: waliopewa mpango huo walifariki asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida ya hospitali walifariki asilimia 33.0. Bila wale Wazambia waliokubali kushiriki, madaktari wema wangeendelea kuwatundikia wagonjwa dripu za haraka kwa imani kamili kwamba wanawasaidia.

Lakini utafiti ambao kila mzazi wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua ni ule ulioitwa FEAST, ambao ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania chini ya uongozi wa Profesa Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi. Ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa upande wa Uganda, na Teule, Muheza, kwa upande wa Tanzania. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka. Mtoto anapofikishwa hospitali akiwa na homa kali, amelegea au anahema kwa shida, na damu yake haizunguki sawasawa, je, aongezewe maji mengi kwa kasi ndani ya saa ya kwanza, kama miongozo ilivyokuwa ikielekeza kwa watoto wenye mshtuko wa mwili, yaani damu kushindwa kuvifikia viungo ipasavyo, au apewe maji ya kawaida polepole pamoja na dawa zake? Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa kwa kasi maji ya chumvi, waliopewa kwa kasi albumini, yaani maji yenye protini ya damu, na wale ambao hawakupewa maji ya kasi kabisa. Wote walipata antibiotiki, dawa za malaria palipohitajika, oksijeni na damu kwa waliopungukiwa.

Mpango ulikuwa kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa washiriki ilishauri uandikishaji usimamishwe, baada ya watoto 3,141 kuingia katika sehemu kuu ya utafiti. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya kasi. Tofauti hiyo ni ya watoto watatu zaidi katika kila mia. Niliposoma takwimu hizo mara ya kwanza niliweka simu chini, nikatoka nje. Naomba msomaji asinielewe vibaya: watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa katika utafiti huo, na mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha bado anahitaji maji. Ninachosema ni kwamba tiba iliyoaminika kuwa salama iligundulika kuwa inadhuru kundi fulani la watoto wetu, na kwamba ugunduzi huo ulitoka kwa wazazi wa Muheza, Kilifi na Soroti waliokubali katika saa ngumu kuliko zote.

Ndiyo maana kauli ya baba mdogo kuhusu panya wa maabara, ambayo naielewa na sikumlaumu kwayo, naiona leo kuwa haikukamilika. Mgonjwa asiyeingia katika utafiti naye hupewa tiba ambayo mara nyingi haijawahi kupimwa kwa watu kama yeye. Tofauti ni kwamba katika utafiti kuna watu wanaohesabu kinachotokea, kuna kamati iliyo tayari kusimamisha kazi madhara yakionekana, na mshiriki hufuatiliwa kwa karibu zaidi kuliko kawaida ya wodi zetu zilizojaa. Watoto waliopewa maji ya kasi kabla ya mwaka 2009 hawakuwekewa daftari la kuwalinganisha na yeyote.

Je, ridhaa inawezekanaje pale mgonjwa hajitambui na mama analia? Katika utafiti wa FEAST kamati za maadili ziliruhusu utaratibu wa hatua mbili: kwanza mzazi kuelezwa kwa kifupi na kukubali au kukataa kwa mdomo, kisha hali ikitulia apewe maelezo kamili na fomu ya kusaini. Wapo wanaoona kwamba utaratibu huo unamnyima mzazi haki ya kuelewa. Mimi naona ulikuwa wa haki kuliko kumkabidhi mtu kurasa kumi wakati kila dakika ni ya mtoto wake, ila naona pia kwamba hautoshi kama jamii nzima haijawahi kusikia utafiti ni nini kabla ya usiku ule. Maneno machache yanaweza kueleweka pale tu yanapomkuta mtu ambaye maneno mengi amekwisha kuyasikia.

Hofu zetu zina historia, na si haki kuzicheka. Sisi wa pwani tumekua na habari za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wengine ili kutengeneza dawa, na mtafiti anayekuja na sindano na chupa ndogo za damu anaingia moja kwa moja katika masimulizi hayo. Kilifi kwenyewe minong'ono kuhusu damu inayochukuliwa na watafiti imekuwepo kwa miaka mingi. Kituo hicho kilijibu kwa kuanzisha utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti mara kwa mara na kupeleka maswali ya wananchi, jambo ambalo natamani liwe sharti kwa kila utafiti. Mtu ana haki ya kujua kwa nini kinachukuliwa kiasi fulani cha damu, kitahifadhiwa wapi, na kama kitasafirishwa nje ya nchi.

Lipo pia deni ambalo watafiti na wakubwa wa afya duniani wanapaswa kulilipa ikiwa wanataka tujitolee. Matokeo ya FEAST yalichapishwa mwaka 2011. Kitabu cha mwongozo wa huduma za watoto cha Shirika la Afya Duniani kilichotolewa mwaka 2013 bado hakikuyaingiza ipasavyo, na madaktari wakalalamika hadharani. Mwongozo uliorekebishwa ulitoka mwaka 2016. Miaka mitano ni mirefu mno kwa mzazi aliyemtoa mtoto wake ili wengine wapone, na nasema hili nikiwa upande wa utafiti.

Mahali ambapo mazungumzo ya mapema yanawezekana kwa urahisi ni kliniki ya wajawazito, kwa kuwa mama anajua miezi kadhaa kabla kwamba atajifungua, na sepsisi ya uzazi ni miongoni mwa magonjwa yanayoua akina mama wengi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023, uliowashirikisha wanawake 29,278 katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliwapa nusu yao dozi moja ya gramu mbili za antibiotiki iitwayo azithromaisini wakati wa uchungu, na nusu nyingine dawa tupu ya kulinganishia. Sepsisi au kifo vilitokea kwa asilimia 1.6 ya akina mama waliopata dawa, dhidi ya asilimia 2.4 ya wasioipata. Kwa watoto wachanga haikuonekana faida. Idadi hiyo ya wanawake inanigusa. Tofauti ndogo kama hiyo isingeonekana kwa wagonjwa mia mbili, ikabidi maelfu wakubali, kila mmoja akijua kwamba huenda akapata kidonge kisicho na kitu.

Hata watu wazima wa afya wana nafasi, kwa kuwa tafiti nyingi huhitaji damu ya wasio wagonjwa ili ilinganishwe. Nchini Uholanzi wapo wanaojitolea kudungwa kipande cha ukuta wa bakteria ili wapate homa na kutetemeka kwa saa chache chini ya uangalizi, na watafiti waone kinga inavyoitika. Sitarajii wengi wetu tufike huko.

Kinachowezekana ni kujua mapema la kuuliza. Utafiti halali Tanzania unapaswa kuwa na kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ule wa dawa unahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa hiyo kuomba kuonyeshwa kibali si utovu wa adabu. Uliza mgonjwa wako atapata nini ikiwa kura itamwangukia upande wa pili. Uliza nani atalipa akidhurika, na kama mnaweza kujitoa kesho bila kunyimwa matibabu. Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo, na likiwa vinginevyo ondokeni.

Mwezi uliopita nilimkalisha mama yangu, naye ana kisukari kama wifi yake, nikamweleza haya yote polepole, pamoja na habari za Lusaka na Muheza. Nilimuuliza angependa tujibu nini ikiwa siku moja tutaulizwa tena kwenye benchi lile na yeye hajitambui. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama watamchukua damu nyingi, nikamwonyesha kwa kijiko cha chai. Kisha akasema, "Mwanangu, wakubalieni. Lakini waambie waje kutupa majibu, hata kama mimi sipo." Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya kadi yake ya kliniki, na baba mdogo ameyasoma.