Ilikuwa Halua

Ilikuwa halua. Naanza na hilo kwa sababu tangu Jumamosi saa nane mchana simu yangu haijatulia, na kila anayepiga anatanguliza "pole" kwa sauti ile ya kumzungumzia mgonjwa akiwa amelala. Mjomba wangu wa Lamu, mtu asiyejua hata kutuma picha, amejifunza siku hiyo hiyo ili aniandikie niache maembe mabichi. Shangazi ameniletea dawa ya kuongeza maji mwilini, pakiti sita. Tumbo langu zima. Sijajinyea tangu chuoni kwa maalimu, na hata siku ile nilikuwa na sababu zangu.

Aliyeeneza ni rafiki yangu ninayepanda naye baiskeli. Jina lake nalificha kwa heshima ya mamake. Hapa tumwite Redio, maana ndiyo kazi aliyoichagua. Ujumbe wake wa sauti ni dakika tatu na nusu, na katika hizo mbili ni kicheko kitupu. Mshasikiliza upande wa mashtaka. Sasa msikilize na mimi.

Wengi mnajua tuna safari. Mwezi ujao, Mombasa hadi Wundanyi, kwenye milima ya Taita, kwa baiskeli, siku mbili. Ya kwanza ni Mazeras, Mariakani, Mackinnon Road, Maungu, tukalale Voi. Ya pili ni Mwatate, halafu mlima wenyewe. Karibu kilomita 200 zote. Huo urefu haukunitisha, kilichonitisha ni kwenda juu. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, kwetu bahari ikikasirika kidogo inabisha hodi. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na kilele cha Vuria hapo juu yake ni mita 2,208. Redio kila nikilalamika ananitajia Chris Froome, ati mwenzetu, mzaliwa wa Nairobi, kashinda Tour de France mara nne. Yakhe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600! Yule alianza kupumua akiwa keshapanda. Mimi mara ya mwisho kupanda kitu kirefu ulikuwa mnazi, na nilishushwa.

Kisiwa chetu hakina mlima. Kina daraja la Nyali. Basi wiki sita nimelipanda lile daraja kila alfajiri, mara kumi kwenda, mara kumi kurudi, giya nyepesi, miguu ikizunguka haraka bila kukazana, kama inavyotakiwa mlimani. Makanga wa matatu za Bamburi walianza kuniuliza nimepoteza nini. Mmoja alishuka siku moja akanisaidia kutafuta.

Hayo ni maandalizi ya mwili. Ya akili Redio aliyasimamia mwenyewe. Alinipa picha ya Vuria niibandike mkabala na kitanda, kila usiku kabla ya kulala niitazame dakika kumi na kujiona napanda, kona kwa kona, bila kusimama. Nilifanya. Nikawa napanda usiku kucha ndotoni, naamka sina miguu, naahirisha mazoezi. Mamangu alipoiona ile picha akaniuliza, kwa upole sana, kama kuna msichana wa Kitaita.

Sasa tuje kwenye chakula, ndipo penye kesi.

Kwa kazi nzito, sukari iliyohifadhiwa mwilini inakutosha saa moja na nusu, mbili ukibahatika. Baada ya hapo unazima kama simu. Kwa hiyo mwendeshaji anakula njiani, kabla njaa haijamfika, na wenye pesa wananyonya vile vipakiti vya uji mtamu wa wanariadha, gramu 30 hadi 60 za wanga na sukari kila saa. Nilivitazama bei nikaviacha palepale kwenye rafu. Nikakaa nikafikiri. Kitu kizito, laini, kitamu, kinachoteremka bila kutafunwa, sukari na wanga na samli. Si tunacho? Si ndicho wazee wetu wanachokikoroga masaa kwenye masufuria makubwa, tunakila na kahawa chungu jioni?

Wallahi nilijiona nimevumbua. Nikamwambia Redio, akasema "akili hiyo." Naomba hilo liandikwe. Kwenye ujumbe wake wa sauti hakulitaja.

Ijumaa usiku nikanunua nusu kilo, nyeusi, ya moto bado, imejaa lozi na iliki. Wazee mnakumbuka kabla ya Agosti 2017 ingetiwa kwenye juala, mfuko wa plastiki, ingefungwa fundo, tungezika habari hii. Majuala yakapigwa marufuku, nami naunga mkono, bahari yetu imepumua. Lakini halua yangu ilifungwa karatasi. Karatasi mbili, muuzaji alinionea huruma.

Na kaptura. Kaptura ya baiskeli ya kubana, yenye godoro la makalio, niliipata kwenye mitumba ya Kongowea, muuzaji akaapa ilivaliwa na Mtaliano. Mamangu akaitazama: "Hiyo si baika ya kike?" Nikamwambia ni ya michezo. Akasema, "Haya. Lakini mwanangu, nyeupe?"

Ilikuwa nyeupe pe. Kama kanzu ya Idi.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tukavuka feri kwenda Likoni, tukashika njia hadi Kombani, tukakata kulia kupanda Kwale. Hapo ndipo penye mlima wa watu wa pwani. Mji wenyewe uko karibu mita 400 juu. Nilipanda vizuri. Nasema hivi kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Nilipanda bila kushuka hata mara moja, picha ya Vuria kichwani, ulimi nje, akina mama waliobeba kuni wakinipita na kunisalimia. Halua ilikuwa mfuko wa nyuma wa fulana, ile mifuko ya waendesha baiskeli inayokaa kiunoni, juu kidogo ya… mnajua. Niliifikia mara mbili. Kutafuna na kupumua pamoja sikuweza, nikairudisha. Karatasi ya kwanza ilipasuka hapo. Ya pili nadhani ilikata tamaa wakati wa kuteremka.

Nilihisi majimaji ya moto mgongoni. Nikasema jasho. Jua la saa sita, samli imeyeyuka, inateremka taratibu, na mimi najisifu: leo nimetoka jasho la kiume.

Likoni, saa nane, Jumamosi. Aliyewahi kusimama kwenye lile banda hahitaji kuelezwa. Geti likafunguliwa, umma ukamwagika kwenye mteremko, mimi katikati nasukuma baiskeli, na nyuma yangu bwana mmoja kabeba tenga la kuku kifuani. Akasukumwa. Tenga likanifika kiunoni barabara, *pwaa*. Kuku mmoja akalia. Nikasikia kitu kizito kinahama makazi.

Nisikilizeni hapa polepole, maana Redio hapa amepita mbio.

Tumeingia ndani. Feri imeng'oa. Nimesimama, mkono wa kulia umeshika usukani wa baiskeli, natazama maji kama mtu mwenye fikra. Nyuma yangu kuna mtoto, miaka minne au mitano, kashikwa mkono na mamake. Kimo chake na shida yangu vilikuwa sawasawa. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, kwa sauti itakayomfaa siku moja akiwa muadhini:

"Mama, huyu mjomba kajinyea."

Mamake akamziba mdomo. Lakini yeye mwenyewe akaangalia. Aliye pembeni yake akaangalia. Nami, mpumbavu, nikageuka ili nione wanaangalia nini, kwa hiyo upande wa pili nao wakapata kuona.

Nikapeleka jicho chini. Kuanzia kiunoni, kwenye ile nyeupe ya Mtaliano, imeteremka mistari mitatu ya kahawia nzito, inang'aa, mmoja umeshafika kwenye goti, na katikati ya godoro, pale hasa, limekaa bonge. Na ndani ya bonge kuna lozi. Ile lozi, jamaa zangu, ndiyo iliyoharibu kabisa.

Watu wakaanza kusogea. Hamna nafasi kwenye feri ya saa nane, mtu akiweza kujikuna pua anashukuru Mungu. Mimi nilitengewa uwanja. Nzi wa kwanza akafika. Sijui alitokea wapi, tuko katikati ya bahari. Wa pili akaja. Nzi wanapenda halua kuliko sisi, lakini siku hiyo nani angewauliza?

Nikasema, "Ni halua." Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa.

Mzee mmoja wa kanzu akatazama juu, kwenye mawingu. Bi mkubwa wa buibui, kapu mkononi, akanisogelea, wa pekee aliyethubutu, akanong'ona, "Ndiyo mwanangu. Ni halua. Sote hutupata."

"La, mama, halua kweli! Ya kula!"

"Naam, naam. Ya kula." Ananipigapiga bega.

Hapo nikaona hakuna njia ila ushahidi. Na hapa ndipo akili iliyofunzwa wiki sita kuushinda mlima iliponiacha. Mkono wa kulia una baiskeli. Nikatumia wa kushoto. Wa kushoto! Nyinyi ni watu wa kwetu, mnajua mkono wa kushoto kazi yake. Nikaupeleka nyuma. Nikachota kwa kidole cha shahada, vizuri, nikaikwangua na ile lozi, nikakiinua juu watu wote wakione. Kuku wamenyamaza. Yule mtoto mdomo wazi. Na mimi, nikimtazama yule mzee wa kanzu machoni, nikakitia kidole kinywani, nikakinyonya, nikakitoa kisafi.

Nikasema, "Tamu."

Sijawahi kusikia kimya kama kile Likoni. Hata injini nahisi ilipunguza. Kisha mama mmoja akaguta "Astaghfirullah!", mwingine akapiga mayowe, na kijana mmoja aliyekuwa amejibana ukutani akatapika baharini, halafu wawili zaidi wakamfuata kwa kumwona yeye. Yule mtoto tu ndiye aliyenielewa. Alisema, "Mama, na mimi nataka." Akazabwa kofi.

Redio alikuwa wapi? Hatua nne tu kutoka kwangu, ameipa mgongo dunia, kavua hadi kofia yake ya baiskeli ili tusifanane. Nilimwita kwa jina mara mbili. Akamwambia jirani yake, nilimsikia kwa masikio yangu, "Simjui, naona ametoka bara."

Bi mkubwa hakukimbia. Hilo nitalisema mpaka nife. Alitoa leso kapuni, mpya, bado ina gundi ya dukani, akanifunga kiunoni mwenyewe kama anavyofungwa mwari, akaikaza fundo. Nilimshukuru hata machozi yakanilenga. Feri ikagota. Nikashuka kwa leso, nasukuma baiskeli, kofia kichwani, watu wakinipisha njia kama nabeba jeneza. Nilidhani sasa wamenihurumia, kumbe wanasoma. Jina la leso hukaa chini ya ua, na mtu akijifunga, mnajua linaangukia wapi. Nilipofika nyumbani ndipo mamangu aliponigeuza akalisoma kwa sauti, akakaa chini ngazini akashindwa kusimama:

MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Mengine ni mafupi. Kaptura imekwenda pipani. Nimenunua nyeusi. Redio aliomba msamaha kwa ujumbe wa sauti, akaanza kucheka katikati, sijamjibu, ila kesho alfajiri tuna daraja. Muuzaji halua keshapata habari; jana nilipita akaniuliza, "Leo ya kula au ya kuvaa?" Wundanyi tunakwenda, na njiani nitakula tende.

Limebaki moja. Yule bi mkubwa wa feri ya saa nane, mwenye buibui na kapu la ukili, kama mwanawe au mjukuu wake anasoma hapa, leso yake ninayo. Nimeifua mara tatu, imebaki na doa la samli, halitaki kutoka. Nitairudisha pamoja na mpya. Lakini ile ya zamani mpeni kwanza mkononi, na mumwambie asitazame doa. Alinuse. Ni iliki.