Nani anamshika mkono afande mgeni?

Mtoto wa kaka yangu alihitimu Kiganjo, chuo cha polisi cha Kenya, akapangiwa kituo kimoja Kisumu. Siku ya paredi nyumbani kwetu Kakamega walichinja kuku, nami huku Minnesota nikatuma hela ya soda. Haukupita mwezi akanipigia usiku, sauti imemkauka. "Shangazi, leo nimeachwa ripoti ofisi peke yangu."

Mama mmoja aliingia amepasuka mdomo, kapigwa na mumewe. Kijana hakujua aanzie wapi: amwandike kwanza kwenye OB, lile daftari la matukio la kituo, au ampeleke hospitali, amuulize mbele ya watu au amtafutie pembe. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ya aliyepigwa, alikuwa ameisikia darasani tu. Mkubwa aliyepaswa kuwa naye zamu hiyo alishatoka, simu haishiki. Yule mama alingoja, akachoka, akarudi nyumbani. Kwa mume yule yule.

Simlaumu mtoto. Mimi nilipoanza kazi katika makao ya wazee huku, sikuruhusiwa hata kumgeuza mgonjwa kitandani kabla aliyenitangulia hajaniona nikifanya, akatia sahihi. Kila kazi na sahihi yake. Iweje mtu anayekabidhiwa bunduki na uwezo wa kumfungia mwenzake seli aanze bila mtu ubavuni?

Polisi wa Marekani akitoka chuoni huwekwa gari moja na mzoefu kwa wiki nyingi. Mpango uliokuja kuigwa nchini kote ulianzia San Jose, California, mwaka 1972, baada ya askari mgeni kusababisha ajali ya gari iliyoua mtu. Mwisho wa zamu mkufunzi hujaza karatasi ya alama: ameongeaje na raia, ameandikaje ripoti, ameendeshaje gari. Anayeshindwa hurudia, na akizidi kushindwa huachishwa kazi, sababu ikiwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo ninayoitamani Kisumu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 244, inataka polisi wafunzwe kufikia kiwango cha juu kabisa cha umahiri na uadilifu na waheshimu haki za binadamu. Mimi naisoma kuwa mafunzo hayo hayaishii langoni Kiganjo.

Lakini naishi karibu na Minneapolis, na nisiseme uongo kwamba huku wamemaliza. George Floyd, Mmarekani Mweusi, alipouawa huko na polisi Mei 2020, wawili kati ya askari wanne waliokuwepo hawakuwa wamemaliza hata wiki tangu waanze kazi bila mkufunzi. Mmoja wao alikuwa amefunzwa na Derek Chauvin mwenyewe, yule askari aliyemkandamiza Floyd shingo kwa goti. Yule mwingine aliuliza mara mbili kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Chauvin alikataa, goti likabaki pale pale, na mgeni akanyamaza kwa sababu mkubwa amesema. Mwaka uliofuata, katika mji jirani wa Brooklyn Center, kijana Daunte Wright alipigwa risasi akafa, na aliyempiga ni askari wa miaka 26 kazini ambaye siku hiyo alikuwa akimfunza mgeni.

Kwa hiyo nikisikia watu wa nyumbani wakisema kila kuruta apewe mkubwa wa kumfuata, nauliza: mkubwa yupi? Kama ni yule aliyezoea kuomba chai, yaani hongo, barabarani, atamfunza kuomba chai, tena haraka kuliko mwalimu yeyote wa Kiganjo. Miaka mingi kazini isitoshe kumpa mtu kazi ya kufunza. Aangaliwe malalamiko aliyoandikiwa, waulizwe akina mama wa soko la Kibuye na vijana wa boda wa Kondele wanamwonaje. Kisha naye atie sahihi kwa kila alichofunza, ili mgeni akiharibu ijulikane ametoka mikononi mwa nani. Na mgeni aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anaruhusiwa kumwambia mkubwa "hapana, afande."

Mpwa wangu sasa ana mwaka wa pili. Juzi ameniambia wameletewa wageni wawili, na mmoja amepangwa zamu ya usiku pamoja naye. Hakuna aliyemwambia amfunze nini. Ameanza na P3.