Mvua Tunayo, Mfereji Uko Wapi?

Ijumaa asubuhi, hapa Oman, rafiki yangu, Muomani aliyezaliwa Unguja, kanipigia: "Vaa viatu, nakupitia, tunakwenda Misfat." Hatukupanga chochote. Mchana tulishaipita Nizwa, tukaipita Al Hamra, tukapanda hadi Misfat al Abriyeen, kijiji cha nyumba za mawe na udongo zilizong'ang'ania mwambani.

Wenzetu walikuwa wakipiga picha nyumba. Mimi niliganda kwenye maji. Falaji ya pale ni mfereji mwembamba unaofuata kichochoro kisha unashukia mashamba ya mitende na migomba, na ukitazama ndani unaona changarawe. Hakuna chupa wala pampasi. Kijana mmoja aliziba tundu la mgao kwa jiwe na kitambaa kikuukuu. Zamu ya shamba hilo imekwisha, maji yakaelekea kwa jirani. Zamani zamu walizipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota.

Roho iliniuma, maana mimi ni mtu wa Kibosho, Kilimanjaro. Mnaoufahamu mfongo, yaani mfereji wetu wa jadi, uliopita kando ya kihamba chetu, shamba la ukoo, hamhitaji kusimuliwa. Leo juu yake kuna ukuta wa nyumba ya ghorofa inayofunguliwa Desemba tu.

Najua mtasema wao wana mafuta. Jamani, Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Falaji zilikuwepo karne nyingi kabla, na tano UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Zilichimbwa kwa mikono, kama mifongo yetu.

Wengine watasema nimekuwa Mwarabu. Sijawa, na Oman si pepo. Joto la Juni nalijua mimi. Nasema kwa sababu najivunia. Babu zetu walitoa maji makorongoni wakayapitisha kwenye magenge bila chombo cha kupimia, hadi wazungu waliofika karne ya 19 wakaandika kwa mshangao. Kila mfongo ulikuwa na mzee wake, na siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, asiyetokea na jembe alitozwa, pombe ikanywewa na waliofika. Watu wenye akili hiyo wanashindwaje kuzoa taka kwenye mfongo?

"Maji yamepungua mlimani." Sibishi. Ila Muscat, mji mkuu wa Oman, hupata milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka, na msitu wa Kilimanjaro upande wetu wa kusini hupita 2,000. Nani kati yetu ana haki ya kulalamikia mvua?

Kilichobaki ni mtu wa kuitisha msaragambo. Kwenye kundi la ukoo harusi tunaichangia mamilioni, na mweka hazina anatuma orodha kila jioni, majina ya wasiotoa yakiwa chini kabisa. Juzi niliandika kuhusu mfongo. Watu wote wamesoma, alama za buluu naziona. Aliyejibu ni mmoja tu, kauliza kadi za Mwanza zimefika?