Kabla ya Intaneti Kulikuwa na Fido

Nikisikia watu wakisimulia kwamba Afrika Mashariki iliingia mtandaoni siku zilipofungua milango kampuni za intaneti, katikati ya miaka ya 1990, huwa naumia. Tulikuwa tumeshaanza kuandikiana kabla ya hapo, kwa kompyuta moja, laini moja ya simu, na modemu moja, yaani kifaa cha kuunganisha hizo mbili.

Mambo haya yalianzia Chicago, Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walipofungua BBS ya kwanza, yaani ubao wa matangazo ulio ndani ya kompyuta: unapiga simu, unasoma walichoacha wenzako, unaacha chako, unakata ili mwingine aingie. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco akabuni FidoNet, na mitambo ya BBS ikaanza kupigiana simu yenyewe usiku na kupokezana barua. Hiyo ndiyo iliyotufaa sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya mazingira jijini Nairobi yalikuwa na Fido yao, yaani mtambo wao wa FidoNet, na vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vikaunganishwa kwa njia hiyo hiyo. London, pale GreenNet, shirika la mawasiliano ya kompyuta, Karen Banks ndiye aliyeendesha lango la kupitishia barua hizo hadi 1997.

Barua uliiandika kabla ya kupiga simu, maana kila dakika hewani ililipiwa. Kisha programu ilizibana barua zote zikawa faili moja, ikasubiri usiku. Modemu ya biti 2400 kwa sekunde ilipitisha herufi 240 hivi kwa sekunde, tena laini ikiwa safi. Mvua ikinyesha, laini ilikwaruza, simu ikakatika, kazi ikaanza upya. Basi mtu alipima maneno. Hakuna aliyekurudishia barua yako nzima ili aongeze "nakubaliana nawe" chini yake. Jibu lilikuja kesho au keshokutwa, na lilikuwa jibu la mtu aliyekaa akafikiri.

Ninalolikumbuka zaidi ni wasimamizi. Mtambo ulikuwa na mwenyewe, unayemjua kwa sauti. Barua isipofika, ulimpigia, naye akaamka kuitafuta. Leo ukifungiwa akaunti utamlilia nani?

Wengi wao bado wapo. Disketi zao zinaota ukungu kwenye makabati, na ndani yake zimo barua za kwanza za kompyuta kutoka nchi zetu. Idara za historia za vyuo vyetu ziwafuate sasa, ziwarekodi, na zizinakili disketi hizo wakati bado zinasomeka.