Mama keshahama chaneli
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema kituo chetu cha televisheni kinapoteza watazamaji kwa sababu ya YouTube. Mimi sikubali. Tamthilia ya saa moja na nusu usiku imehamishwa mara tatu mwaka huu, na juzi ikapisha mahubiri ya kulipiwa bila hata watazamaji kuambiwa. Mama alingoja mpaka chai ikapoa, akanyakua rimoti: "Hawa wanatuchezea." Hajarudi huko hadi leo.

NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, ilijitia kitanzi hivyo hivyo mwaka 2009. Ikampa mchekeshaji Jay Leno kipindi cha mazungumzo saa nne usiku, siku tano kwa wiki, maana ilikuwa nafuu kuliko kutengeneza tamthilia. Vituo washirika, vile vya mikoani vinavyorusha vipindi vya NBC, vikapiga kelele kwamba habari zao za saa tano zimekosa watu, na Februari 2010 kipindi kikatolewa. Hapa kwetu labda tusubiri walalamike wenye kulipia matangazo, wao husikilizwa.