Siku Tatu za Nora: Tamthilia ya Kale Ina Kazi Gani Darasani?

Siku ya mkutano wa wazazi, mama mmoja alinisimamisha karibu na lango la shule. Mkononi alikuwa na nakala ya A Doll's House ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norway, ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa tamthilia ya lazima katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Alikuwa ameinunua kwa pesa za kuungaunga, na mwanawe alikuwa amemwambia haielewi. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu Nora wa Norway anamhusu nini mtoto wangu?"

Swali lake lilikuwa la haki, na lina wenyewe wakubwa. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, wakihoji kwa nini fasihi ya Kiingereza iwe ndiyo kitovu, na ya Afrika iwe kiambatisho. Walisema kweli. Mtoto anayesoma habari za wengine tu hukua akidhani kwao hakuna la kuandikwa. Isitoshe, nafasi katika orodha ya vitabu teule ni chache, na kila kitabu kinachoingia kimekifungia kingine mlango.

Lakini waraka ule hunukuliwa nusu. Waandishi wake hawakutaka fasihi ya nje itupwe. Walitaka Afrika ikae katikati, na fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo. Mwalimu Nyerere alikuwa tayari akifanya hivyo kwa kalamu yake: alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, tafsiri iliyotoka mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno hilo moja linaonyesha msomaji aliyesimama kwake huku akitazama ya mbali. Na Ibsen hata Mwingereza hakuwa. Watoto wetu wanamsoma kwa tafsiri, kama wanavyomsoma Waingereza wenyewe.

Sasa nimjibu yule mama. Nora, mhusika mkuu wa tamthilia, alikopa kwa siri ili ampeleke mumewe mgonjwa Italia, kwa kuwa mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mume. Mdhamini alitakiwa awe baba yake. Mzee alikuwa mahututi, Nora akaona vibaya kumsumbua, akamwekea sahihi. Miaka inapita. Krogstad, aliyemkopesha, anakuja kuketi naye, anamwuliza kwa utulivu baba yake alifariki lini. Tarehe 29 Septemba. Na sahihi hii imeandikwa tarehe ngapi? Tarehe 2 Oktoba. Mzee ametia sahihi siku tatu baada ya kufa.

Hapo huwa nawaambia wanafunzi wafunike vitabu, wahesabu wenyewe. Kinapita kimya, mtu anaguna huko nyuma, kisha darasa zima linaongea kwa pamoja. Hawa ni watoto wanaojua mikopo. Wamemwona mama akibembeleza mdhamini kwenye chama cha kuweka na kukopa. Wamesikia simu ya mdai ikiita usiku na kuambiwa wasiipokee. Siku moja mvulana alisema Nora ni mwizi, hakuna cha kuzungusha. Msichana aliyekaa naye dawati moja akamwuliza ameiba cha nani, ilhali deni analilipa kwa kushona na kunakili karatasi za watu usiku? Mwingine akataka kujua kama sheria iliyomnyima haki ya kukopa inaweza kugeuka ikamhukumu kwa alivyokopa. Krogstad anasema wazi kwamba sheria haiangalii nia. Tulibishana juu ya sentensi hiyo mpaka kengele ikalia, na wenye njaa wakachelewa kwenye foleni ya chakula. Hayo yote yametokana na tarehe mbili tu katika tamthilia iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1879.

Mwaka uleule wa mabishano hayo tulikuwa tukisoma Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, riwaya ninayoipenda sana. Tulipofika mahali Taiyo na Resian, dada wawili, wanashinikizwa wakeketwe, wasichana wengine waliinamisha vichwa. Jambo lile lilikuwa karibu mno. Kuna ambao lilikuwa limepita nyumbani kwao, na kulizungumza darasani kulikuwa kama kumsema mama hadharani. Nora hana shangazi kijijini kwetu. Kila mtu yuko huru kumlaumu, kumtetea, kumwuliza mumewe maswali. Nimeona wanafunzi waliojifunza kusema kupitia kwake wakirudi kwa Resian wakiwa na sauti. Ukiniambia nichague kitabu kimoja kati ya hivyo viwili nitachagua cha ole Kulet, lakini nitajua nimepoteza nini.

Kinachoua tamthilia hizi ni miongozo, vile vijitabu vya kujiandalia mtihani. Mtihani unatoa dondoo lenye alama 25, unauliza nini kinatokea kabla yake na baada yake, na mwongozo unauza majibu tayari: maudhui, wahusika, mbinu. Mwanafunzi anakariri kwamba Nora ni "mwenye kujitolea" bila kuisikia ile hati ya mkopo ikifunuliwa. Huyo kweli hahusiani na Norway, na hata ole Kulet hatahusiana naye.

Siku hizi mwongozo naukataza hadi tuwe tumeisoma tamthilia yote kwa sauti. Tukimaliza, nawaeleza kwamba mwaka 1880 mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kucheza Nora anayewaacha watoto wake, Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki, mwisho ambao yeye mwenyewe aliuita kitendo cha kishenzi. Nawaomba waniandikie ukurasa mmoja: wangeigiza upi mbele ya wazazi wao, na kwa nini? Nimezihifadhi zile kurasa. Kuna zilizoandikwa pande zote mbili, na nyingine wenyewe waliomba nisizisome mbele ya darasa.